Mwarobaini katika tiba ya meno

Mwarobaini (*Azadirachta indica*) ni mti wa dawa wa jamii moja na mkangazi, wenye asili ya Asia Kusini, unaopandwa Tanzania kuanzia pwani hadi kanda ya Ziwa Viktoria, ikiwemo Sengerema mkoani Mwanza. Ayurveda, tiba ya kale ya India, hueleza maradhi kuwa ni kuvurugika kwa uwiano wa nguvu tatu za mwili ziitwazo vata, pitta na kapha. Uchungu wa mwarobaini huaminiwa kutuliza pitta na kapha. Sayansi ya tiba ya kisasa haiutambui mgawanyo huo.

Kwa meno, ushahidi ni bora zaidi. Ncha ya kijiti kibichi hutafunwa hadi nyuzi zitokeze, kisha meno na fizi husuguliwa taratibu. Msuguano huondoa utando wa bakteria, na katika maabara dondoo za mti huo hupunguza ukuaji wao. Hata hivyo kijiti hakina floridi ya dawa ya meno, wala hakitibu jino lililotoboka au jipu. Mafuta ya mbegu ni hatari yakinyweshwa watoto wachanga: yamewahi kusababisha degedege na vifo. Tiba asili nchini Tanzania husimamiwa kwa sheria ya mwaka 2002.