Alkali ndiyo ya kuchungwa kwa mfugaji wa matumbawe nyumbani

KATIKA bahari kuu, maji yanayoizunguka miamba ya matumbawe hayabadiliki kwa urahisi. Mvua ikinyesha, jua likiwaka au samaki wakifa kwa wingi, ukubwa wa bahari huyameza yote hayo. Sivyo ilivyo katika tangi la kioo la lita 200 lililowekwa sebuleni. Humo, kosa la gramu chache za kemikali laweza kuangamiza kwa siku chache matumbawe yaliyochukua miaka kukua.

Pumbao la kufuga matumbawe nyumbani si geni. Mnamo 1961, Lee Chin Eng wa Jakarta, Indonesia, aliandika jinsi alivyokuwa akifuga samaki wa baharini na matumbawe kwa kutumia mawe yaliyotolewa baharini, maji ya bahari na mapovu ya hewa pekee. Bahari ilikuwa karibu naye. Wafugaji wa Ulaya na Marekani waliojaribu kumwiga mbali na pwani walilazimika kujitengenezea bahari yao kutoka kwenye pakiti ya chumvi, na hapo ndipo hesabu za kemia zilipoanza kuwa na umuhimu mkubwa.

Hesabu ya kwanza ni ya chumvi yenyewe. Maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo. Maji yanapogeuka mvuke, chumvi hubaki. Tangi la lita 200 likipoteza lita mbili kila siku bila kujaziwa, baada ya siku kumi chumvi yake itakuwa imepanda kutoka 35 hadi karibu 39. Dawa ni kujazia maji yasiyo na chumvi, si maji ya bahari, kosa ambalo wanagenzi wengi hulifanya.

Hata maji hayo ya kujazia yana masharti. Ya mfereji huwa na klorini, na mabomba ya kale huweza kutoa shaba, sumu kali kwa wanyama wasio na uti wa mgongo. Ya visima virefu katika sehemu nyingi za Nairobi na Bonde la Ufa yana floraidi nyingi. Kwa kuwa mvuke hauondoki na madini, kila ndoo inayoongezwa huacha masalio yake tangini, na baada ya mwaka mmoja masalio hayo huwa mengi. Kwa hivyo, wafugaji makini hutumia maji yaliyopitishwa kwenye mtambo wa kuchuja kwa utando mwembamba, unaozuia karibu madini yote.

Mkazi wa Pwani anaweza kudhani kwamba ameepukana na udhia huu kwa kuchota maji baharini. Anaweza, mradi asiyachote karibu na mlango wa mto au mfereji wa maji taka, wala baada ya mvua za masika, wakati maji ya ukingoni huwa yamepungua chumvi na kujaa uchafu.

Uchafu wa samaki nao huzaa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa naitraiti, kisha naitreti, ambayo haina madhara makubwa ikiwa kidogo. Katika tangi jipya, bakteria hao huchukua kati ya wiki nne na sita kuwa wa kutosha. Anayetia matumbawe kabla ya hapo anayapeleka kaburini.

Lakini matangi mengi hayafi katika wiki hizo za mwanzo. Hufa baada ya mwaka mmoja au zaidi, mfugaji akiwa ameshajiona fundi. Chanzo mara nyingi ni alkali.

Tumbawe gumu ni mnyama anayejijengea kiunzi cha kalisiamu kabonati, kitu kile kile kinachopatikana katika mawe ya chokaa na maganda ya mayai. Ili kukijenga, huvuta kalisiamu na kabonati kutoka majini. Kabonati na bikabonati ndizo sehemu kubwa ya kile ambacho wanakemia hukiita alkali, yaani uwezo wa maji kuizima asidi. Wafugaji huipima kwa kipimo cha Kijerumani kiitwacho dKH.

Maji ya bahari yana takriban miligramu 420 za kalisiamu kwa lita, na alkali ya dKH 7 hivi. Matumbawe huvitumia viwili hivi kwa uwiano usiobadilika: alkali ikishuka kwa dKH 2.8, kalisiamu hushuka kwa miligramu 20 tu kwa lita. Kwa maneno mengine, wakati ambapo alkali imepungua kwa asilimia 40, kalisiamu haijapungua hata kwa asilimia 5. Anayepima kalisiamu peke yake atasoma 400 na kulala fofofo, ilhali matumbawe yake yameishiwa na malighafi ya ujenzi.

Kinaya ni kwamba tatizo hili huletwa na ufanisi. Katika tangi lenye vipande vichache vya matumbawe, kubadilisha asilimia 10 ya maji kila wiki kunatosha. Matumbawe yanapokua, hutumia alkali zaidi, na tangi lililojaa matumbawe magumu yanayokua upesi laweza kumaliza dKH 1 au zaidi kwa siku. Iwapo alkali imeshuka hadi 6 na maji mapya yana 8, kubadilisha asilimia 10 kutaipandisha hadi 6.2 pekee. Ndoo hazitoshi tena.

Mfugaji anapogundua upungufu huo, aghalabu hukurupuka na kumimina kemikali kwa mkupuo. Hili ni kosa baya kuliko upungufu wenyewe. Alkali ikiruka ghafla, ncha za matumbawe yenye matawi huungua na ngozi yake hubambuka kuanzia shinani. Kanuni inayofuatwa na wengi ni kutopandisha zaidi ya dKH 1 kwa siku. Matumbawe huishi vizuri kwenye 7.5, na pia huishi vizuri kwenye 9. Yasichoweza kustahimili ni kupelekwa huku na huko.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno. Katika lita 200 za maji, gramu sita za bikabonati ya sodiamu, ile ile ya kuumulia keki, huongeza dKH 1. Ikumbukwe kwamba mawe na mchanga huchukua nafasi, kwa hivyo tangi linalouzwa kuwa la lita 200 huenda lina lita 160 pekee za maji. Magadi ya kupikia mboga hayafai, kwa sababu hayajasafishwa na yana floraidi.

Kalisiamu huongezwa kwa kloridi ya kalisiamu, lakini kamwe isitiwe pamoja na bikabonati. Zikikutana kabla ya kusambaa, maji hugeuka meupe kama maziwa, na kilichokusudiwa kuwa chakula cha matumbawe hutua chini kikiwa vumbi la chokaa. Randy Holmes-Farley, mkemia wa Marekani, alieleza kwa kina hesabu za mbinu hii katika miaka ya 2000, na makala yake yangali yanatumiwa na wafugaji wengi.

Mbinu ya kale zaidi ni maji ya chokaa, iliyoenezwa na Peter Wilkens katika maandishi yake ya Kijerumani miaka ya 1970. Chokaa safi huyeyushwa katika maji ya kujazia, kisha hudondoshwa polepole usiku. Uzuri wake ni kwamba huleta kalisiamu na alkali kwa uwiano ule ule unaotumiwa na matumbawe. Ubaya wake ni kwamba pH yake hupita 12, na bomba likikwama wazi usiku mmoja, asubuhi hapatakuwa na cha kuokoa.

Wapo wanaoongeza vyote viwili kila siku na bado vinashuka. Hao wapime magnesiamu, ambayo baharini hufika takriban miligramu 1,300 kwa lita. Magnesiamu huzuia chembe za kalisiamu kabonati kujijenga zenyewe majini na kwenye pampu. Ikipungua, madini hugandia vyuma vya kupashia joto badala ya kuwafikia wanyama.

Kuhusu pH, wengi huihangaikia kupita kiasi. Hupanda mchana na kushuka usiku, na kati ya 7.8 na 8.4 haina tatizo. Ikiwa chini daima, tiba huenda ikawa ni kufungua dirisha, kwani pumzi za watu katika nyumba iliyofungwa huongeza kaboni dioksidi majini.

Gharama ya makosa haya si ya mfuko pekee. Matumbawe magumu yamo katika Orodha ya Pili ya mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya viumbe kati ya mataifa. Nchini Kenya, hifadhi za Malindi na Watamu zimelindwa tangu 1968, na ni haramu kutoa tumbawe humo. Miamba ya Pwani yenyewe ilipata pigo kubwa 1998, joto la bahari lilipoyafanya matumbawe mengi kupauka na kufa. Kipande kinachotiwa tangini chafaa kiwe kimekatwa kutoka kwa tumbawe lililokuzwa na mfugaji mwingine.

Kwa mwenye tangi lililojaa, kupima alkali kila siku, saa ile ile, kwa dawa ile ile ya matone, kuna faida nyingine isiyotajwa sana. Ikiwa kiasi kinachoongezwa hakijabadilika na alkali imeanza kupanda, basi matumbawe yameacha kujenga. Huenda stima ilipotea usiku na pampu zikasimama, au joto limepita kiasi. Dalili hiyo mara nyingi hutokea kabla rangi haijapauka, na hatua ya kwanza ni kupunguza dozi siku hiyo hiyo, kisha kutafuta kilichoharibika.