Makao ya Waliokombolewa: Je, Walipata Kwao?

Tuadhimishapo yubile ni desturi kuhesabu makanisa, shule na watu waliobatizwa. Lakini iko hesabu nyingine iliyo ngumu zaidi, nayo yatupasa kuifanya kwa haki. Watu wasio na kwao waliopokelewa na misheni za pwani, je, walisaidiwa kweli?

Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko la Unguja likafungwa. Manowari za Waingereza ziliendelea kukamata majahazi, na mateka wakashushwa pwani, wengine watoto wadogo wasioweza kutaja hata kijiji walikozaliwa. Kumwacha njiani mtu wa namna hiyo kulikuwa sawa na kumrudisha kwa mwuzaji. Kwa hiyo alihitaji makao. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kuanza kazi hiyo Bagamoyo mwaka 1868. UMCA waliwaweka watu Mbweni, kisiwani Unguja. Na mwaka 1875 CMS wakaanzisha Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa.

Kwa haja ya kwanza, makao hayo yalifaa sana. Mateka walipata chakula, dawa, nguo na ulinzi. Katika shule zao walitoka walimu na mafundi, hata makasisi. Cecil Majaliwa, Myao aliyeingia utumwani angali mtoto, alipewa ukasisi mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza kuupata katika UMCA.

Haja ya pili haikutimizwa vema. Wahenga walinena, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe walipewa, lakini ardhi ilikuwa ya misheni. Bagamoyo waliooana walipata nyumba na kishamba, ila siku nyingi za juma waliifanyia misheni kazi. Freretown palikuwa na amri nyingi na adhabu ya fimbo, hata malalamiko yakafika kwa wakubwa wa Kiingereza. Baadaye wengi waliondoka katika vijiji hivyo, wakaenda kutafuta riziki kwingine. Wako waliowalaumu kuwa hawana shukrani. Lakini mtu aliyepata kuuzwa huijua vema tofauti ya kutunzwa na kujitawala.

Tutazame sasa Masasi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Unguja pamoja na kikundi cha watu wa Mbweni, waume kwa wake, waliotaka kurudi upande wa Ziwa Nyasa walikotekwa. Walipofika Masasi waliona nchi njema, karibu na watu wa lugha zao, wakapenda kukaa pale pale. Mwaka 1882 Wamagwangwara waliwashambulia. Nyumba zikachomwa, wengine wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka mara ya pili. Hata hivyo kazi ya Masasi haikufa, na mwaka 1926 Masasi ikawa makao ya dayosisi.

Rabai nako, karibu na Mombasa, watoro walikuja kwa miguu yao wenyewe, wakajenga na kulima. Mabwana zao walipowadai, Kampuni ya Kiingereza iliwalipa fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wapatao 1,400 walipewa hati za uhuru. Walikuwa wamejichagulia mahali, na hati ile iliwathibitishia.

Basi twajifunza nini? Freretown na Bagamoyo palikuwa na ulinzi, lakini uhuru ulikuwa haba. Masasi palikuwa na uhuru, lakini ulinzi ulipungua, na watu walilipa kwa damu. Mtu asiye na kwao ahitaji vyote viwili, na msaada unaotoa kimoja tu haujakamilika.

Leo tunao watoto walalao barabarani, na wajane waliofukuzwa katika nyumba za waume zao. Parokia ikifungua nyumba ya kuwapokea, isitosheke kuandika daftarini idadi ya waliolala humo. Iulize pia ni wangapi wametoka na kupata mlango wao wenyewe, shamba au kazi isiyotegemea hisani, na majirani wanaowajua kwa majina. Na kabla ya kuwapangia maisha, iwaulize wenyewe wanataka kwenda wapi. Watu wa Mbweni walipoulizwa, walikuwa na jibu tayari.