Sarafu Hulika: Hoja Dhidi ya "Kiwango cha Ubora"

Aliyepata kopo la sarafu mchanganyiko, liwe la urithi au la mnadani, ana maswali mawili: hizi ni sarafu za nani, na zina thamani gani. La kwanza Kiswahili hulijibu bila kigugumizi, kwa kuwa sarafu nyingi zilizopita pwani na bara zimeacha majina yao vinywani mwetu. Hela ni heller ya Mjerumani, iliyoingia mwaka 1904 rupia ilipogawanywa mara 100 badala ya pesa 64. Pesa yenyewe ni paisa ya Bara Hindi. Thumuni ni moja ya nane ya Kiarabu, ingawa sisi tuliigeuza ikawa senti hamsini na hakuna aliyelalamika. Kwenye swali la pili ndipo tulipokwazwa. Kile ambacho wakusanyaji wa dunia nzima hukitazama kwanza kabla ya kutaja bei, yaani sarafu imebakiwa na kiasi gani cha chapa yake baada ya kupita mikononi mwa watu, faharasa zetu zimekiita "kiwango cha ubora". Neno hili lina mihuri yote ya kamati ya istilahi: ni refu, ni la adabu, na halisemi kitu. Hoja ya makala hii ni kwamba linasema hata kisichokuwepo, na kwamba neno linalofaa, ulikaji, lilikuwa likitumiwa na mnoa visu yeyote kabla wajumbe hawajaandikiwa posho.

Ubora ni mfuko uliotiwa mambo matatu yasiyofanana: jinsi sarafu ilivyopigwa chapa, jinsi ilivyotumika, na jinsi inavyong'aa. Anayetaka kuona hasara ya kuyachanganya achukue heller 20 ya Tabora ya mwaka 1916. Vita vilikuwa vimefunga njia ya bahari, sarafu za kutoka Ujerumani hazifiki, na utawala ukazitengeneza kwa shaba na shaba nyeupe katika karakana ya reli karibu na Tabora, kila moja ikiwa na herufi T. Ni kazi ya dharura: taji halikukaa sawa, herufi za ukingoni zimefifia, na chapa mara nyingine imeangukia pembeni. Sarafu ya namna hiyo yaweza kuwa haikununua hata kibaba cha mtama, ikakaa ndani ya mkebe tangu siku iliyotoka karakanani, na bado ikawa hafifu machoni. Kwa istilahi ya kamati ina ubora wa chini, basi. Kwa istilahi ninayoitetea haijalika hata kidogo, ila imepigwa vibaya, na mnunuzi anayejua kutofautisha mambo hayo mawili atailipia vingine kabisa. Dalili zenyewe zi wazi kwa anayetazama kwa kioo cha kukuzia: ulikaji huanzia penye kuinuka, kwenye nyusi za mfalme na mapambo ya taji lake, ukaacha pametambarara na pana mng'ao tofauti na penginepo, ilhali chapa hafifu hufifia popote nyundo ilipokosa nguvu, hata bondeni.

Dhara la pili ni kubwa zaidi, kwa kuwa halirekebishiki. Ubora huongezwa. Kila tangazo la semina latuambia tuinue viwango vya ubora, na Mswahili mwenye akili timamu akiambiwa kwamba bei ya sarafu yake inategemea ubora atafanya analofanyia sufuria ya shaba: atatwaa ndimu na majivu. Pysa ya Sultani Barghash ya mwaka 1299 Hijria, yaani 1882, yenye mizani upande mmoja, huwa na utando wa kahawia uliochukua zaidi ya miaka mia moja kujijenga. Ndimu huutoa kwa dakika chache, ikaacha shaba nyekundu kama kidonda na mikwaruzo midogo isiyofutika, na mnunuzi makini huirudisha sarafu hiyo mezani bila kuuliza bei. Neno ulikaji haliwezi kumtuma mtu jikoni. Kilicholika kimekwenda, hakuna anayekwenda kusugua kisu kilicholika akitarajia chuma kirudi.

Sasa tulitazame neno lenyewe, maana waliolikataa hawakulitazama. Mzizi ni -la, kitenzi kikongwe cha Kibantu ambacho jamaa zake wako kuanzia Kameruni hadi Afrika Kusini. Kauli ya kutendeka ndiyo -lika, na wasemaji wameitumia daima kwa maana mbili: chakula kinacholika, na kitu kinachoisha kidogo kidogo kwa kusuguliwa. Kisu hulika, kisigino cha kiatu hulika, kizingiti cha mlango hulika. Utamu uko kwenye kauli hiyo. Kikiliwa kitu, yupo aliyekula. Kikilika, hakuna wa kushtakiwa, ni siku na mikono tu. Hivyo lugha inatupa bure tofauti ambayo wakusanyaji wa kwingineko huieleza kwa maneno mengi: sarafu iliyolika ni ile iliyochakazwa na mzunguko wa haki, na iliyokwanguliwa, kutobolewa au kusuguliwa ina jina lake jingine, kwa sababu ina mtenda. Tena tazama inavyooana na sarafu. Neno sarafu latokana na mzizi wa Kiarabu s-r-f, wa kugeuza na kubadilisha. Sarrafu ni mvunja fedha, masurufu ni fedha za matumizi ya njiani, na sarufi, ambayo wajumbe wetu wanadai kuilinda, ni ndugu wa tumbo moja, kwa kuwa nayo ni elimu ya kugeuza maneno. Sarafu kwa jina lake ni kitu cha kugeuka kutoka mkono hadi mkono, na kule kugeuka ndiko kunakoila.

Pingamizi zimetolewa, nyingine kwa sauti kubwa kuliko uzito wake. Ya kwanza yasema msomaji atafikiria ubadhirifu, kwa kuwa fedha za umma nazo "huliwa". Jibu limekwishapita: huliwa, haziliki zenyewe, japokuwa taarifa za wahasibu wengine hutaka tuamini hivyo. Ya pili yataka gredi, kwa hoja kwamba wauza sarafu wa mijini huisema. Gredi sina ugomvi nayo penye gredi za kahawa au za bati, lakini ni jina la ngazi. Halisemi ngazi yapima nini, na ubishi wetu wote ni juu ya hicho kinachopimwa. Ya tatu ni ya kemia: kutu nayo hula. Kweli, na kwa hiyo tuseme sarafu imeliwa na kutu, tukiwa na mtenda wa kumtaja.

Pingamizi ya nne ndiyo yenye meno, nayo yastahili heshima. William Sheldon alipotunga mizani yake ya alama 70 mwaka 1949, kwa ajili ya senti kubwa za shaba za Marekani, alikusudia alama ziende na bei: ya 70 iwe na thamani mara 70 ya ile iliyobaki kutambulika tu. Lakini kuanzia alama 60 kwenda juu sarafu zote hazijalika. Kinachozitenganisha ni mng'ao wa kiwandani na alama za kugongana ndani ya gunia. Je, ulikaji hapo haujafika mwisho wa kamba? Umefika, na ni vyema. Istilahi inayojua mahali pa kukoma ni bora kuliko inayojifanya yajua yote. Juu ya 60 tuhesabu mikwaruzo na tuitaje kwa jina lake. Isitoshe, yaliyomo kwenye makopo ya Afrika Mashariki ni nadra kufika huko. Senti tano na senti kumi za mwaka 1936, zenye tundu katikati na jina la Edward wa Nane, huuzwa kwa mbwembwe kwa sababu mfalme huyo hakutimiza mwaka kwenye kiti na Uingereza yenyewe haikutoa sarafu yake kwa matumizi ya kila siku. Tundu ndilo lililoziponya: hazikuhitaji sura yake, zikapigwa, na zikapigwa nyingi. Jina haliziongezei sana bei. Kutolika ndiko kunakoziongezea.

Kwa matumizi, maneno machache yatosha: haijalika, imelika kidogo, imelika nusu, imelika hadi maandishi, imelika kabisa, hayo yaandikwe baada ya mwaka, herufi ya kiwanda (H ya Heaton, KN ya Kings Norton) na uzito, na kwa shilingi za simba ikumbukwe kuwa za hadi mwaka 1946 zina robo ya fedha na za kuanzia 1948 hazina. Reale ya Maria Theresa ipimwe kwanza, maana mwaka 1780 umeandikwa hata kwenye zilizopigwa karne ya ishirini, na gramu zake 23 hivi za fedha safi huweka bei ya chini hata ikilika. Kamati ikitaka kuliongezea neno hili kiambishi, iongeze. Ubora iwaachie wauza bati.