Tarehe ya Blackrock, shule iliyoanzishwa kwa ajili ya Afrika

Mwaka 1859 Padre Jules Leman, Mfaransa wa Shirika la Roho Mtakatifu, alitumwa Ayalandi kutafuta vijana. Shirika lake lilikuwa na kazi katika makoloni ya Waingereza Afrika Magharibi, na lilihitaji mapadre wanaosema Kiingereza. Waayalandi walikuwa Wakatoliki, na Kiingereza walikijua. Mwaka 1860 Leman akafungua shule ya wavulana Blackrock, pwani ya kusini ya Dublin, jirani na reli ya kwanza ya nchi hiyo, iliyozinduliwa mwaka 1834. Watu wakaiita Chuo cha Wafaransa. Huku kwetu shirika hilo halina ugeni: ndilo lililoshika misheni ya Unguja mwaka 1863, kisha likavuka kwenda kujenga Bagamoyo mwaka 1868.

Leman alikuja kutafuta wamisionari, lakini wazazi waliompelekea watoto walikuwa na haja yao. Sheria za kuwabana Wakatoliki zilikuwa zimeondolewa kwa sehemu kubwa mwaka 1829. Njaa kuu ya miaka ya 1840 ilikuwa imeua watu wapatao milioni 1, na waliosalimika na mali zao, yaani wafanyabiashara, mawakili na wakulima wakubwa, walitaka wana wao wakae meza moja na Waprotestanti walioshika serikali na biashara. Ada zao ziliiendesha shule. Mwaka 1878 serikali ilipopitisha sheria ya kuzilipa shule za sekondari kulingana na matokeo ya mitihani, Blackrock ikajitosa kwa nguvu zote na kujijengea jina. Tangu hapo shule ikawa na kazi mbili, kulea wamisionari na kulea wakubwa wa nchi, na kwa maoni yangu kazi ya pili ndiyo iliyokuja kuitawala.

Hata hivyo ile ya kwanza haikufa. Joseph Shanahan alipewa upadre Blackrock mwaka 1900, akaenda kusini mwa Nigeria mwaka 1902, na huko akaeneza shule vijijini hadi akawa askofu. Uzeeni alirudi Blackrock, lakini hakutulia. Mwaka 1938 akasafiri tena, safari hii Kenya, na akafariki Nairobi siku ya Krismasi mwaka 1943. Frank Duff, naye mwanafunzi wa Blackrock, alianzisha chama cha walei cha Lejio ya Maria mjini Dublin mwaka 1921. Mjumbe aliyeileta Afrika Mashariki mwaka 1936, Edel Quinn, alifia Nairobi mwaka 1944. Wanalejio wa parokia zetu wanaosali rozari kila wiki wamefikiwa na mkono wa shule hiyo, hata kama hawajapata kuisikia.

Kwa Waayalandi wenyewe jina linalotajwa kwanza ni Éamon de Valera. Alizaliwa New York mwaka 1882, akalelewa na bibi yake katika kijiji cha Bruree, na shule aliyosoma kabla ya Blackrock ilikuwa mwendo wa maili saba kwa miguu. Blackrock ilimpokea kwa ufadhili mwaka 1898. Mtoto huyo wa kijijini aliongoza kikosi katika uasi wa 1916 dhidi ya Waingereza, akawa waziri mkuu, halafu rais kuanzia 1959 hadi 1973. Alipokuwa akitayarisha katiba ya mwaka 1937, mmoja wa waliomwandikia maoni na rasimu alikuwa Padre John Charles McQuaid, mkuu wa Blackrock wakati huo. Mwaka 1940 McQuaid akawa Askofu Mkuu wa Dublin, na kwa miaka zaidi ya 30 sauti yake ilisikika katika hospitali, shule na ofisi za serikali. Ni nadra shule moja kushika Ikulu na kanisa kuu kwa pamoja.

Raga nayo ina sura yake. Kombe la shule za jimbo la Leinster lilianza mwaka 1887, Blackrock ikalitwaa mwaka huohuo, na hadi leo imelibeba mara zaidi ya 60. Brian O'Driscoll, nahodha maarufu wa timu ya taifa, ni zao lake.

Lakini yako mambo ambayo vitabu vya sifa havikuyaandika. Novemba 2022 redio ya taifa ilitangaza simulizi ya ndugu wawili waliofanyiwa unyanyasaji wa kingono shuleni hapo miaka ya 1970, kila mmoja akibeba siri yake kwa miaka mingi bila mwenziwe kujua. Shirika likakiri kwamba watu 233 walikuwa wamewashtaki mapadre na mabruda wake 77 wa Ayalandi, na kwamba 57 kati yao walisema walitendewa hayo katika eneo la Blackrock. Wengine wengi wakajitokeza. Serikali ikaanzisha uchunguzi wa awali wa shule za mashirika ya kitawa, na ripoti yake ya Septemba 2024 ikataja madai 2,395, watuhumiwa 884 na shule 308. Serikali ikaamua iundwe tume kamili ya uchunguzi.

Jina la shule ndilo lililowaziba watoto wale midomo. Mtoto angemshtaki vipi padre anayeheshimiwa na baba yake, katika nchi ambayo rais na askofu mkuu wote wametoka katika ua uleule? Atakayeandika tarehe ya shule hii upya aanze na ushahidi wao, ndipo aje kwenye vikombe na marais.