Kutoka Ijaza Hadi Krediti: Elimu ya Ugenini Inavyopokewa Nyumbani



Februari 2016, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ilifuta kibali cha vyuo viwili vya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yosefu vilivyokuwa Songea, mkoani Ruvuma. Kimoja kilikuwa cha sayansi za kilimo, cha pili cha teknolojia ya habari. Wanafunzi wakahamishiwa vyuo vyengine nchini. Kwa kila aliyefunga mizigo yake siku zile, lilikuwepo swali zito kuliko la nauli: nilichokwisha kukisoma kitahesabiwa huko niendako?

Wale walihama ndani ya nchi moja. Swali hilo hilo humpata dada anayesoma shahada ya uzamili akapelekwa ng'ambo kwa muhula mmoja katika mpango wa kubadilishana wanafunzi. Humpata pia biharusi anayemfuata mume huku shahada yake imefika nusu. Swali lenyewe ni la zamani, na historia ina mengi ya kutufunza.

Ijaza: kitabu kwa kitabu

Wazee wetu wa visiwani walikuwa na jibu lao, nalo ni ijaza. Mwanafunzi akisafiri kusoma kwa sheikh, hakurudi na maneno matupu. Sheikh alimpa idhini inayosema amesoma nini, amesoma kwa nani, na sheikh huyo naye alipokea kutoka kwa nani. Sayyid Ahmad bin Sumayt, aliyezaliwa Ngazija na akawa kadhi Unguja, alisafiri hadi Hadhramaut, Makka, Misri na Istanbul. Sheikh Abdallah Bakathir wa Lamu, aliyesomesha Ukutani, naye alitafuta elimu Hadhramaut na Makka. Waliporudi, watu walijua elimu yao imetoka wapi. Wote wawili walifariki 1925.

Na wanawake walikuwa watoaji wa elimu hiyo, si wapokeaji tu. Katika karne ya 11, Karima al-Marwaziyya alisomesha Sahih al-Bukhari Makka. Miongoni mwa waliomsomea ni al-Khatib al-Baghdadi, mwanachuoni mkubwa wa Baghdad. Alikuwa mgeni Makka, akasoma kwa mwanamke, na elimu ile ikapokewa kwao kwa sababu mnyororo wake ulijulikana.

Chuo kimoja, nchi tatu

Ukoloni ulileta utaratibu mwengine. Makerere, iliyopokea wanafunzi wanawake wa mwanzo 1945, iliunganishwa na Chuo Kikuu cha London 1949. Mwanafunzi akisoma Kampala, shahada inatoka London. Dar es Salaam nayo ilianza hivyo 1961, kwa kitivo cha sheria. Elimu ilitolewa hapa, lakini mwenye kauli ya kuikubali alikuwa mbali.

Mwaka 1963 ikaja hatua kubwa: Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichounganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na Mwalimu Nyerere akiwa mkuu wake. Kijana wa Songea aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi. Mkenya aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam. Hakuna aliyehitaji kuuliza kama masomo yake yatatambuliwa akirudi, maana chuo kilikuwa kimoja na shahada moja. Umoja huo ulivunjika 1970, kila nchi ikabaki na chuo chake, na swali letu likarudi.

Tangu hapo tumekuwa tukiujenga upya mlango huo. Mwaka 1980 likaundwa Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki. Mwaka 1981 nchi za Afrika zilikubaliana Arusha mkataba wa kutambuana masomo na shahada. Mei 2017, wakuu wa nchi za Jumuiya walitangaza Dar es Salaam kwamba Afrika Mashariki ni eneo moja la elimu ya juu.

Krediti si sawa kila mahali

Ulaya walipitia njia yao. Mpango wa Erasmus ulianza 1987, na miaka miwili baadaye wakaanza kujaribu mfumo wao wa krediti, yaani kipimo cha kazi anayoifanya mwanafunzi: darasani, maktaba, na mtihani. Kwao mwaka mzima ni krediti 60, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi. Kwetu Tanzania krediti moja ni saa 10, na shahada ya uzamili huanzia krediti 180.

Hapa ndipo dada wengi wanapoumia. Ukirudi na krediti 30 za Ulaya, mtu asiyejua ataziona chache. Zigeuze kuwa saa: si chini ya 750. Kwa kipimo chetu hizo ni krediti 75. Usikubali kazi ya muhula mzima ihesabiwe nusu kwa sababu ya tarakimu.

Kwa dada anayefunga mizigo

Jueni pia nani anaamua nini. Muhula mmoja wa nje huhesabiwa na chuo chako mwenyewe. Shahada nzima iliyopatikana nje hutambuliwa na TCU, uwe unatoka Unguja au Songea. Kwa hiyo kabla ya safari, pata makubaliano ya maandishi yanayotaja kila somo utakalosoma kule na somo la hapa litakaloondolewa badala yake, yatiwe saini na vyuo vyote viwili. Ukibadilisha somo ukiwa kule, yabadilishe na makubaliano. Ukirudi, njoo na transkripti na mihtasari ya masomo, na nakala ubaki nazo.

Na wewe biharusi, usiyaache haya mpaka baada ya fungate. Mahari tunayataja kabla ya akdi, kila mtu asikie. Masomo yako nayo yatajeni mapema: yamebaki mangapi, utayamalizia wapi, na nani atalipa ada. Anayekutaka kwa heri hatachukia kuulizwa.

Ijaza ilitaja kitabu kwa kitabu, na makubaliano ya leo yanataja somo kwa somo. Aliyeandikiwa hana haja ya kubishana mlangoni.

Allah atuzidishie elimu yenye manufaa. Aamin.