Kobe wa Mjerumani na Datsun ya Mjapani: Nani Angepanda Mbinga?

Wadau, kuna ubishi wa vijiweni usiozeeka: kati ya Volkswagen ile yenye mgongo wa kobe na Datsun 120Y, mkweche upi ulikuwa gari kweli? Wengi huamua kwa sura. Mimi nasema tuyapeleke yote mawili Mbamba Bay, tuyaambie yapande Mbinga.

Ziwa Nyasa liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari. Milima ya Umatengo inavuka mita 1,500. Siku hizi kuna lami kutoka Songea hadi Mbamba Bay, lakini zama hizo ilikuwa vumbi kiangazi, utelezi masika, na kona juu ya kona.

Volkswagen, iliyobuniwa miaka ya 1930, injini yake iko nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma. Kwenye tope uzito huo ni mtaji, tairi zinang'ata. Tena injini inapozwa kwa hewa. Haina rejeta, kwa hiyo hakuna maji ya kuchemka mlimani. Ya mwaka 1962 ilikuwa na nguvu za farasi 34 tu, lakini mwaka huohuo Volkswagen ilishinda Safari Rally.

Datsun 120Y ilitoka 1973. Injini mbele, msukumo nyuma, rejeta ya kuchungwa. Kwenye utelezi, bila mzigo kwenye buti, tairi za nyuma zinacheza tu. Sifa yake ni kunywa mafuta kidogo, na 1973 ndio mwaka bei ya mafuta ilipolipuka duniani. Kwa hiyo kwa mlima, kobe. Kwa mfuko, Datsun.

Lakini jamani, tujiulize: dola za kununulia magari hayo, mafuta na spea zilitoka wapi? Zilitoka shambani, na kahawa ya Mbinga ilikuwemo. Julai 1975 baridi iliunguza mibuni ya Brazil, na bei ya dunia ikapaa 1976 na 1977. Ajabu ni kwamba 1976 ndipo serikali ilipovunja vyama vikuu vya ushirika. Bei ilipopanda, mkulima akakosa chombo chake cha kudai sehemu yake. Sheria ya kuvirudisha ilikuja 1982, na milango ya kuagiza bidhaa kwa fedha zako mwenyewe ikalegezwa kwa bajeti ya 1984.

Ndiyo maana naona ubishi wetu una pengo. Tunalinganisha magari ya watu wa mshahara, tunamsahau aliyeyalipia. Kahawa yake iliondoka milimani kwa lori, na yeye alidandia lori hilohilo au alitembea.

Kobe angefika Mbinga kwanza, sina shaka. Swali langu kwenu: Mmatengo aliyelima kahawa angekuwa amekaa kiti gani?

Nawasilisha.