Donda Ndugu

Neno uvimbe lina kazi mbili katika Kiswahili. Ukijikwaa, kidole kikajaa na kuwa chekundu, huo ni uvimbe. Daktari akipapasa titi na kukuta kitu kigumu ambacho mwaka jana hakikuwepo, huo nao ni uvimbe. Warumi nao walikuwa hivyohivyo. Celsus, aliyeandika kuhusu tiba katika karne ya kwanza, alitaja dalili nne za mwili unaopambana: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Kwa uvimbe alitumia neno tumor, neno ambalo leo hii ukilisikia hospitali moyo unakwenda mbio. Saratani yenyewe tumeichukua kwa Waarabu, na maana yake ni kaa, huyuhuyu wa ufukweni anayetembea upande.

Sasa swali ni hili: je, uvimbe wa kidole na uvimbe wa saratani ni ndugu, au ni majina yamegongana tu? Jibu lilichukua zaidi ya miaka mia moja, na mahali pazuri pa kulitazama ni shingo ya kizazi.

Tuanzie Verona, Italia, mwaka 1842. Daktari mmoja, Domenico Rigoni-Stern, alikaa na daftari za vifo vya mji ule, kuanzia 1760 hadi 1839, akahesabu. Akaona kwamba saratani ya kizazi iliwaua sana wanawake walioolewa na wajane, lakini watawa wa kike ilikuwa nadra kuwagusa. Hesabu ya mtu mmoja na kalamu yake. Kutokana nayo, madaktari waliofuata wakaanza kuwaza kwamba kuna kitu kinachopita kati ya mwanamume na mwanamke kitandani. Walikuwa sahihi. Ila hesabu hiyo ilizaa pia kitu kingine ambacho hakikuwemo daftarini: hukumu. Kama watawa hawaugui, basi wanaougua wana lao.

Miaka ishirini baadaye, Berlin, Rudolf Virchow alikuwa anatazama vipande vya uvimbe kwa hadubini. Alikuta chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, zimejazana ndani ya saratani. Mwaka 1863 akatoa wazo kwamba saratani huota pale ambapo mwili umesumbuliwa kwa muda mrefu bila kupumzika. Wazo likapokelewa, halafu likawekwa pembeni. Wakubwa wa sayansi walikuwa na mambo mengine ya kufukuzia: kwanza vijidudu, baadaye jeni.

Kirusi kikapatikana. Harald zur Hausen, Mjerumani, alibishana na wenzake kwa miaka, maana wao walikuwa wameshikilia kirusi cha malengelenge ya sehemu za siri. Yeye alisema hapana, tafuteni kwenye familia ya virusi vya sugu, vile vinavyoitwa HPV. Mwaka 1983 timu yake ikatangaza aina ya 16, mwaka uliofuata aina ya 18. Na ile ya 18 waliikuta pia ndani ya chembe za HeLa. Waliosoma kitabu cha Rebecca Skloot cha 2010 wanamjua mwenye chembe hizo: Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi aliyefariki Baltimore Oktoba 1951 akiwa na miaka 31, ambaye vipande vya saratani yake vilichukuliwa bila ridhaa yake na vinaendelea kugawanyika maabara hadi leo. Zur Hausen alipewa Nobeli mwaka 2008.

Hapo wengi wanafunga kitabu. Kirusi kimepatikana, kesi imekwisha. Kumbe bado. HPV ni kirusi cha kawaida mno, watu wengi wanaofanya ngono hukutana nacho wakati fulani maishani, na kwa walio wengi mwili hukifukuza ndani ya miaka miwili hivi bila hata wao kujua. Kwa nini basi kwa wachache kinabaki, na kwa wachache zaidi kinageuka saratani?

Sehemu moja ya jibu iko kwenye kirusi chenyewe. Kina protini mbili, E6 na E7, zinazozima breki za chembe, zile zinazoiambia chembe iliyoharibika isimame au ife. Sehemu nyingine inaturudisha kwa Virchow. Mwili unapowaka, hali ambayo nitaiita mchochota, chembe hutumiana ujumbe kwa protini ndogo ziitwazo saitokaini. Ni kama mbiu ya mgambo: njooni, kuna adui. Adui akiondoka, mbiu inanyamaza, kidonda kinafunga. HPV ni mjanja, mwanzoni haipigi kelele, haiui chembe, haitoi damu, kwa hiyo mbiu hailii inavyotakiwa. Lakini ikishakaa miaka, E6 na E7 zinaanza kuchezea mbiu hiyohiyo. Protini moja, interlukini-6, huzidi katika tishu za saratani ya shingo ya kizazi. Kazi yake ya kila siku ni ulinzi. Hapa inaziambia chembe mbovu zisife, zigawanyike, na inasaidia kuota mishipa mipya ya damu ya kuulisha uvimbe. Mlinzi anampikia mwizi.

Kuna nyingine ambayo jina lake peke yake ni kejeli. Mwaka 1975, New York, kundi la Lloyd Old lilielezea protini iliyoozesha uvimbe kwenye panya, likaiita TNF, jina lenye maana ya kiozesha uvimbe. Mwaka 1999, watafiti wa London, akiwemo Frances Balkwill, wakaonyesha kwamba panya wasio na protini hiyo walikuwa wagumu kupata uvimbe wa ngozi. Yaani muuaji wa saratani alikuwa pia mkunga wake. Balkwill na Mwitalia Alberto Mantovani mwaka 2001 wakaandika makala wakiuliza kama tumerudi kwa Virchow. Kabla yao, mwaka 1986, Harold Dvorak wa Boston alikuwa ameshaufananisha uvimbe wa saratani na kidonda kisichopona. Wazee wetu walikuwa na jina la kidonda cha aina hiyo: donda ndugu.

Tuwe waangalifu hapa, maana mitandaoni watu wanapenda kuuza majani ya "kuondoa mchochota". Bila HPV, saratani hii karibu haipo. Mchochota hauanzishi safari, unaisukuma.

Ila tazama unavyobadilisha ile hukumu ya Verona. Huku kwetu bado utasikia, kwa sauti ya chini, kwamba huu ni ugonjwa wa wahuni. Kuna wanawake wanaoficha damu isiyo ya kawaida kwa miezi kwa sababu ya sentensi hiyo moja. Lakini kupata kirusi hakumtofautishi mtu na jirani yake. Kinachotofautisha ni kama kirusi kitabaki, na hapo yanaingia mambo kama sigara, maambukizi mengine kama klamidia, na zaidi ya yote VVU: mwanamke anayeishi na VVU ana hatari karibu mara sita. Mke aliyetulia na mume mmoja anaweza kuugua. Hesabu za Rigoni-Stern zilihusu ndoa, si uhuni, na hilo limeandikwa mlemle kwenye daftari zake.

Rwanda ilianza chanjo ya HPV kitaifa mwaka 2011, Tanzania 2018, Kenya 2019. Chanjo hiyo inazuia. Haitibu kirusi kilichokwishaingia, kwa hiyo dada na mama wa mabinti hao inabidi wapimwe. Moto huu huwaka polepole: kwa kawaida miaka 15 hadi 20 tangu kirusi kiingie hadi saratani, na mitano hadi kumi kama kinga ya mwili ni dhaifu. Kipimo kinachotumika katika vituo vyetu vingi ni asidi ya siki. Muuguzi anapaka kwenye shingo ya kizazi, anasubiri dakika moja hivi, anaangalia. Palipobadilika panakuwa peupe, na mara nyingi panaweza kugandishwa au kuchomwa siku hiyohiyo, mama akarudi nyumbani.